Maji ya Ayeyo

Mjukuu wangu hunigombeza kwa sababu simalizi maji. Akinipa glasi nabakiza kidogo chini, mafunda mawili hivi, naye anaona ni ubadhirifu mtupu. "Awowe, bomba lenyewe linatoa maji siku linapojisikia, halafu wewe unayaacha hapo yaingie nzi!" Awowe ndiyo babu kwa Kisomali chetu.  Marehemu mke wangu naye alinigombeza kwa jambo hilo hilo tangu nilipomwoa, na kila mara nilimjibu kwamba ni mazoea mabaya, kila mtu ana yake.

Juzi mtoto huyu alirudi kutoka shuleni na kitabu cha Kiingereza. Yuko kidato cha tatu hapa hapa Garissa mjini, na muhula huu wanasoma vitabu vya watu walioandika shida zao wenyewe, jinsi walivyoteseka na jinsi walivyonusurika. Mwalimu wao amewaagiza waulize wazee wa nyumbani. Basi akaja akaketi mbele yangu, kalamu mkononi, akaniuliza kwa heshima zote, "Awowe, wewe ulishawahi kupata shida?" Wallahi nilicheka mpaka kofia ikadondoka. Kisha nikaliona swali la mwalimu alilolinakili mtoto juu ya ukurasa: shujaa wa kisa hiki ni nani? Hapo kicheko kikanikauka. Swali hilo mimi niliulizwa katika miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, tena si mbali na hapa, na nilichapwa kwa jibu langu.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana yeye nimemsimulia na sasa siwezi kulala bila kukimaliza kisa hiki.

Sisi tulikuwa watu wa upande wa Habaswein. Palikuwa na kinamasi kule, mvua zikiwa nzuri kinajaa na majani yanasimama kijani, na ngamia wetu wakinenepa mpaka wanakuwa na kiburi. Nikifumba macho nasikia kengele zao za mbao jioni wanaporudi, na nasikia harufu ya moshi ambao mama alifukizia vyombo vya maziwa. Lakini harufu iliyonikaa zaidi ni ya mafuta ya kondoo, kwa sababu hiyo ilikuwa harufu ya ayeyo, mama mzazi wa baba yangu. Kazi yake ilikuwa viriba, yaani ile mifuko ya ngozi ya kubebea maji. Alivishona, akavikagua, akavipaka mafuta mpaka vikalainika, na mikono yake ikawa inang'aa hadi kwenye viwiko. Ole wako uguse kiriba chake bila ruhusa. "Ngozi ikikauka haishiki maji," alikuwa akitukaripia, "hata ukiisomea Kurani yote!"

Nyonga yake moja ilikuwa imekufa. Kutembea nyumbani aliweza, kwa kuchechemea, lakini tukihama alipandishwa juu ya ngamia wa mizigo, pale juu kabisa, penye mikeka na vijiti vya nyumba vilivyofungwa pamoja. Akaketi huko na tasbihi yake akimtaja Mungu kwa mdomo huo huo aliotutukania sisi tuliokuwa chini. Huyu anatembea kama mgonjwa, yule ameacha mbuzi nyuma, mama yako amefunga kamba vibaya. Hatukuhitaji mwingine wa kutuongoza.

Shule niliingia kwa sababu ya macho yangu. Chifu alikuja na askari akasema serikali inataka watoto wa kiume, kila ukoo utoe wake. Watu walishtuka sana. Tulisikia kwamba huko watoto hugeuzwa dini, na hata asiyegeuzwa husahau ngamia. Basi kila nyumba ikatazama ni mtoto gani haitamhitaji. Huyu ana mguu mbovu, yule ana kifafa. Nyumbani kwetu baba aliinamisha kichwa, hakuweza kutamka. Ayeyo ndiye aliyetamka. "Wapeni huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Ngamia mweupe akisimama mbele yake anadhani ni kichuguu. Huko shuleni wanatazama vitu vya karibu." Watu wote wakacheka, hata askari, na mimi nikalia kwa aibu. Alipoona nalia akanivuta, akanipaka kichwani mafuta yale yale ya viriba. "Nyamaza wewe. Tukishuka mtoni nitakuja hapo shuleni nione unavyoketi juu ya mbao. Niwekee nafasi."

Niliiweka, usinicheke. Benchi letu lilikuwa la watu wanne, na kwa muda mrefu sikumruhusu mtu kukaa pale mwisho, upande wa dirisha.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo yenye paa la mabati, si mbali na mto Tana. Adhuhuri mabati yalilia kwa joto. Chakula kilikuwa ugali na maharagwe yenye fukusi, na matumbo yetu yaliyozoea maziwa ya ngamia yaliasi vibaya sana mwanzoni. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa mtu wa bara, mwembamba, shati jeupe siku zote, homa ya malaria ikimpanda na kumshuka. Alituchapa kwa sababu herufi P ilikataa kutoka midomoni mwetu, tukaifanya B. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpweke, na alikuwa na kitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote, akakifunga kwa kitambaa kama msahafu. Kila alasiri alitusomea kurasa chache, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili, tukiandika maneno mapya.

Kilikuwa kitabu cha Mzungu mmoja aliyepotea na mwenzake katika nchi ya theluji. Alieleza njaa yake, baridi, vidole vilivyokufa, viatu walivyochemsha wakala. Mwalimu akisoma sehemu hizo sauti yake ilitetemeka. Sisi tulitazamana. Mmoja wetu akauliza theluji ni nini, mwalimu akaeleza kwamba ni maji yaliyoganda, yamefunika nchi yote mpaka macho yanapoishia.  Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Yaani mwalimu, huyu mtu anatembea juu ya maji, na bado analia?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alikasirika, akasema sisi ni wagumu wa moyo. Lakini hatukuwa wagumu wa moyo. Ni kwamba mwaka ule mvua zilikataa, zile kubwa na zile ndogo, na kila mmoja wetu alikuwa na watu wake huko nyikani ambao wangeishukuru hiyo theluji kwa magoti.

Ukitoka nje ya uzio wa miba uliiona hali yenyewe. Wafugaji walikuwa wanaingia mtoni kutoka kila upande, wengine na ngamia watatu baada ya kutoka na mia, wengine na fimbo peke yake. Mizoga ilianza kwenye njia ya kaskazini na ikawa inakaribia mji. Harufu iliingia darasani kwa dirisha lile langu. Kila siku masomo yakiisha nilikwenda kuulizia. Kuuliza kwetu kuna utaratibu wake. Mtu hata awe anatoka kuzimu, ukimwamkia "nabad?", yaani kuna amani, atakujibu nabad. Kisha unauliza mvua, unauliza malisho, unauliza mifugo, na watu ndio wa mwisho. Nilipata vipande vipande. Kinamasi kimekauka. Watu wenu wamehama. Wameonekana wamepita Modogashe, wanakuja mtoni. Na yule bibi aliye juu ya ngamia? Yuko juu, akanijibu mzee mmoja, na ametutukana tulipopishana naye. Nilifurahi hata sikula siku hiyo. Lakini kutoka Modogashe hadi mtoni hakukuwa na kisima hata kimoja chenye maji, na ngamia wa mizigo alikuwa mzee. Kama angeanguka, ayeyo hakuwa na miguu ya kumfikisha. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo.

Siku zile zile, katika kitabu, mwenzake yule Mzungu akavunjika mguu. Chakula kilikuwa cha mtu mmoja. Yule mwenye mguu mbovu akasema, nenda wewe, niachie blanketi. Huyo mwandishi akaenda. Mwalimu aliona nyuso zetu akatutuliza, "Msiogope, atafika. Angekufa nani angeandika?" Wenzangu wakapumua. Mimi sikupumua. Nilikuwa nawaza kwamba kwetu hakuna aliyejua kuandika isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa hapa nakula maharagwe.

Ndipo akafunga kitabu, akauliza shujaa ni nani. Nikasimama nikasema ni yule aliyebaki. Akaniambia kaa, fikiri vizuri. Akamuuliza wa pili, akasema yule aliyebaki. Wa tatu vile vile. Mwalimu akapandwa na hasira. "Shujaa ni aliyeishinda shida, akarudi, akaandika! Huyo mwingine alifanya nini? Si alilala tu?" Nikasimama tena bila ruhusa. "Mwalimu, yeye ndiye aliyesema nenda. Hilo ndilo gumu. Kwenda hata mbuzi anakwenda." Kwa ajili ya huyo mbuzi nilichapwa mbele ya darasa. Nilirudi kwenye benchi nikaketi nusu tako, nikitazama nafasi ya ayeyo.

Ami yangu alikuja alasiri moja mwalimu akiwa anasoma. Huyu alikuwa mdogo wake baba, mwana wa mwisho wa ayeyo, kijana mrefu tuliyekuwa tukimwita adeer. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama nje ya uzio akiegemea fimbo yake, na kwa macho yangu haya nilimjua kwa ule urefu tu, kwa sababu mwili haukuwepo tena. Mwalimu akaniruhusu nitoke.  Tukaamkiana. Nabad? Nabad. Mvua? Hakuna. Malisho? Hakuna. Ngamia? Wamebaki wachache, wako mtoni wanakunywa. Kisha akaanza kuniletea salamu. Midomo ilikuwa imepasuka, kila neno lilimtoa damu kidogo.

"Baba yako anakusalimu. Mama yako anakusalimu, anasema usiogelee mtoni kuna mamba. Wadogo zako wanakusalimu, wote. Jirani yetu yule mwenye kikohozi anakusalimu."

Akanyamaza.

Salamu kwetu ni amana. Ukipewa, unaifikisha kwa jina la mwenyewe, hata ya mtoto anyonyaye. Na aliyekufa haleti salamu. Hatupigi kelele langoni kwamba fulani amefariki. Tunaacha pengo, na mwenye kusikiliza analiona mwenyewe. Mimi nililiona, na bado nikajidanganya. Nikasema labda amechoka, labda amesahau. Nani anamsahau mama yake?

Mwalimu akatokea mlangoni. "Kwema?" akauliza. Ami akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kwema, mwalimu. Amani tu." Mwalimu akatabasamu kwa furaha ya kweli, maana alijua nimekuwa nikiwangoja. "Unaona? Si nilikuambia watafika?" Akamwagiza mpishi atoe uji kwa mgeni. Sikumchukia wakati ule. Angejuaje?

Si adabu kumhoji mgeni kabla hajala. Basi tuliketi kwenye kivuli cha jiko, nikamtazama ami yangu akinywa uji polepole, na kila funda nilitamani lisiishe. Alipoweka bakuli chini akaongea akilitazama hilo bakuli.

"Ngamia wa mizigo alipiga magoti. Hakuinuka tena. Alibaki mmoja tu mwenye nguvu, na wadogo zako walikuwa hawatembei. Mama akasema, wapandisheni watoto. Baba yako akakataa. Mimi nikakataa. Akatutukana matusi ambayo siwezi kuyasema mbele ya chakula."

Wakamweka chini ya mgunga wenye kivuli, na chombo chake kidogo cha kusukwa chenye maji, mfuniko umefungwa kwa kamba. Ndiyo maji waliyoweza kumwachia. Ami akamwapia atarudi. Walipofika mtoni hakuketi, hakulala. Alishika kiriba, akakijaza, akageuka.

"Kiriba gani?" nikauliza, na sauti yangu sikuitambua.

Akafunika uso kwa viganja. "Tulikuwa na kipi kingine? Hakikuona mafuta tangu mvua ya mwisho. Kondoo wa kutoa mafuta angetoka wapi? Nilikisikia kinadondosha mgongoni. Nikakimbia. Kadiri nilivyokimbia ndivyo kilivyomwaga. Nilipofika kwake kilikuwa ngozi tu."

Alimkuta ameegemea shina, ameelekea kibla, tasbihi kwenye vidole. Alikuwa ameshakufa. Chombo kilikuwa kando yake. Ami alidhani ni kitupu, akakiokota ili asikiache nyikani, kikamlemea mkono. Kamba ya mfuniko ilikuwa imefungwa vile vile walivyoifunga wao.

"Hakuonja," akasema. "Hata tone. Viriba vile alivishona mwenyewe. Alijua nitakuja, na alijua nitakuja na ngozi tupu, mpumbavu mimi. Akaniwekea maji ya kunirudisha." Alichimba kwa fimbo na kwa mikono, akamswalia peke yake. "Kisha nikayanywa. Nililia nikiyanywa, na wallahi yalikuwa matamu. Yaliyobaki chini, mafunda mawili hivi, nikamnyunyizia juu ya kaburi. Sikuwa na kingine cha kumpa."

Akaondoka kabla jua halijazama kwa sababu ngamia walimngoja. Mimi nilirudi bwenini nikajifunika shuka gubigubi, nikauma mkono wangu ili wenzangu wasisikie. Nilitaka harufu ya mafuta ya kondoo, hata kidogo tu, na humo ndani palinuka maharagwe na sabuni.

Kesho yake mwalimu akasoma mwisho wa kitabu. Mzungu ameokolewa. Amekaa karibu na moto, amepewa mkate na mchuzi, watu wanamshangilia. Mwalimu alikuwa karibu kulia kwa furaha. Nikanyoosha mkono. "Na mwenzake?" Akarudisha kurasa nyuma, akazipeleka mbele, akarudi tena. "Kitabu hakisemi," akajibu. Nikauliza kama alizikwa. "Hakisemi." Nikauliza kama kuna mtu aliyerudi na lile blanketi. Nilikuwa nimesimama na machozi yananitiririka, na wenzangu, ambao walikwishapata habari, waliinamisha vichwa wote.  Nadhani mwalimu alielewa hapo, kwa sababu hakuniambia niketi wala hakushika fimbo. Alikifunga kitabu kwa kile kitambaa, akatutoa nje kabla ya wakati.

Baadaye alitupa insha: andika safari yako ngumu. Nikaandika ya ayeyo, kwa Kiingereza kilichokuwa kinachechemea kuliko yeye mwenyewe. Iliporudi ilikuwa na wino mwekundu kila mstari na alama chache. Aliniita akanieleza, tena kwa upole, kwamba kumbukumbu ya namna hii huandikwa na aliyekuwepo, na mimi sikuwepo. Nilimkasirikia miaka mingi. Hata leo hasira haijaisha yote, Mungu amrehemu popote alipo. Lakini alikuwa na haki kwa jambo moja: aliyekuwepo peke yake pale chini ya mgunga hakuandika chochote.

Sasa ukienda upande ule utakuta lami. Watu wanahama kwa malori, nyumba zao za mikeka zimegeuka maturubai, na maji yako ndani ya mitungi ya plastiki ya manjano isiyohitaji mafuta ya mtu. Sijui mwanamke hata mmoja hapa Garissa anayejua kushona kiriba. Kinamasi cha Habaswein kinaonekana mara moja moja, kama jamaa aliyehamia mbali. Ami yangu alifariki zamani. Aliwahi kunielekeza palipo na ule mgunga, na mwaka fulani nilimwomba dereva wa lori asimame, nikashuka, nikazunguka huku abiria wananipigia kelele. Nilikuta visiki. Miti yote ilikuwa imekatwa kwa makaa, na kwa macho haya yangu kila kichuguu kilikuwa kaburi. Nilisoma Fatiha nikielekea popote, nikapanda tena.

Nilipomaliza kumweleza haya mjukuu wangu, kalamu yake ilikuwa imesimama muda mrefu. Akaniuliza, sasa Awowe, niandike shujaa ni nani? Nikamwambia aandike anachotaka mwalimu wake, apate alama zake, asije akachapwa kwa mambo ya wazee.  Aliinuka, akaichukua glasi yangu yenye yale maji ya chini, na mimi nikajua anakwenda kuyamwaga kama kawaida yake. Akaenda nayo jikoni. Akarudi nayo, maji yale yale ndani, amefunika juu kwa kisahani ili nzi wasiingie, akaiweka pale pale ilipokuwa.